Setilaiti inaweza kupima hewa inayotoka kwenye miti ya kihamba changu? Naomba wanaojua

mama_kihamba (Machame):

Habari zenu wadau, na wakubwa wote shikamooni. Naomba msaada kabla ya Jumapili maana tuna mkutano wa kikundi baada ya ibada na mimi ndo katibu.

Sisi ni wakulima wa kawaida tu huku Machame, kihamba cha migomba na kahawa chini ya migrivea na miringaringa, na baadhi yetu tumepanda mikaratusi pembeni kwa ajili ya nguzo na kuni. Sasa amekuja kijana mmoja na laptopu, anasema anatoka kampuni ya mambo ya mazingira, akatuonyesha ramani ya rangi imetoka kwenye setilaiti, upande wetu huu wa kusini una doa kubwa jekundu linashuka mpaka tambarare. Akasema hiyo ni gesi inaitwa fomaldehaidi, inatokana na miti, na wao wanaweza kumpimia kila mkulima miti yake inatoa hidrokaboni kiasi gani, shamba kwa shamba, unapewa cheti, na wenye mikaratusi waanze kujiandaa kuing'oa maana ndo inayochafua. Kila kaya itoe hela ya kuanzia.

Watu wamegawanyika. Kuna bibi hapa jirani ameshatafuta mtu wa kukata mikaratusi yake yote na ndo akiba yake ya uzeeni ile, mimi roho inaniuma nikimwangalia. Naombeni mnijibu kwa kweli, je miti inatoa hizo gesi au ni uongo? Setilaiti inaona mpaka kihamba cha mtu mmoja? Na hiyo fomaldehaidi si ndo ile ya kuhifadhia maiti, watoto wetu wako salama?

pikseli_ya_tengeru:

Dada, usitoe hata shilingi na mwambie huyo bibi asikate kitu kwanza. Nafanya kazi na data za setilaiti za hewa na hili jambo nalifahamu vizuri, ngoja nilieleze taratibu maana kijana wenu amechanganya vitu vya kweli na vitu visivyowezekana, na huo mchanganyiko ndo unaofanya watu waamini.

La kweli ni hili. Miti inatoa hidrokaboni, yaani gesi zenye kaboni na haidrojeni, tena nyingi sana. Inayoongoza inaitwa isoprini, ina kaboni tano na haidrojeni nane, mimea ya dunia nzima inatoa kama tani milioni 500 kwa mwaka, yaani inakaribiana na metheni yote inayotoka duniani ukijumlisha ng'ombe, mabwawa, mashamba ya mpunga na visima vya gesi. Aliyeigundua kwamba inatoka kwenye majani ni mtafiti wa Georgia aitwaye Guivi Sanadze miaka ya 1950, kwa hiyo sio jambo la jana. Mti unaitengeneza kwa mwanga wa jua papo hapo, hauihifadhi, usiku inakata kabisa, na inapanda sana na joto, jani la nyuzi 30 linatoa zaidi ya mara tatu ya jani hilo hilo likiwa na nyuzi 20. Inaonekana inausaidia mti kuvumilia joto kali na kujikinga na ozoni. Kwa hiyo sio uchafu, ni maisha ya mti.

Sasa setilaiti. Setilaiti zinazotumika kwenye hizo ramani hazioni isoprini kabisa. Isoprini ikitoka kwenye jani inadumu kama saa moja tu mchana halafu inaliwa na kemikali za hewani, na moja ya vitu vinavyotokea baada ya hapo ndo fomaldehaidi. Hii fomaldehaidi inakula mwanga wa jua kwenye eneo la urujuanimno, nanomita 325 mpaka 360 hivi, na chombo kilichoko juu kinachunguza mwanga uliogonga ardhi ukarudi, kinaangalia umepungukiwa wapi, ndo kinakadiria kuna molekuli ngapi kwenye nguzo nzima ya hewa kuanzia ardhini mpaka angani. Kutoka hapo watafiti wanarudi nyuma kwa hesabu, wanauliza ili fomaldehaidi iwe kiasi hiki, isoprini iliyotoka chini lazima ilikuwa kiasi gani. Kazi hii ilianza na chombo cha GOME kilichorushwa 1995, Paul Palmer na wenzake wakaionyesha vizuri kwa Amerika Kaskazini mwaka 2003, halafu ikaja OMI 2004, na sasa hivi tunatumia chombo cha TROPOMI kilichoko kwenye setilaiti ya Sentinel-5P, ilirushwa Oktoba 2017. Nina uhakika ramani ya kijana wenu ni ya TROPOMI maana ni ya bure, mtu yeyote mwenye bando anaipata.

Ila sasa sikiliza ukubwa wa kipimo. Pikseli moja ya TROPOMI, yaani kipande kidogo kabisa cha ardhi inachoweza kukipa namba yake, pale inapopita juu kabisa ya kichwa ni kilomita 5.5 kwa 3.5, ukipiga hesabu ni karibu eka 4,750, na pembeni mwa njia yake pikseli zinazidi kuwa kubwa. Eka 4,750 huko kwenu ni vihamba elfu kadhaa, ni vijiji, kuna shule, makanisa, barabara, mto, msitu, vyote vimetoa namba moja. Cheti cha shamba kwa shamba kinatokea wapi? Hakuna. Na hata ukisema basi tuchukue pikseli moja ya siku moja kwa kijiji kizima bado haifai, kwa sababu ishara ya fomaldehaidi ni dhaifu na kelele za chombo, yaani kuyumba kwa kipimo kwa bahati tu, kwenye pikseli moja zinaweza kulingana na ishara yenyewe, lazima uunganishe vipimo vya wiki au miezi ndo picha itulie. Ramani inakuja laini na nzuri kwa sababu Google Earth Engine, lile jukwaa la mtandaoni la data za setilaiti, imezimwaga data kwenye vigae vya kilomita 1.1, mtu akivuta karibu anadhani anaona kila kilomita, kumbe ni pikseli kubwa imekatwa vipande vipande. Hapo ndo watu wengi wanadanganyika, hata wasomi.

Halafu kuna upepo. Fomaldehaidi inaishi saa chache mchana, upepo wa mita tatu kwa sekunde tu unaisogeza kilomita kumi na zaidi kila saa, na hapo kwenu mnajua wenyewe mchana upepo unapanda kutoka tambarare kwenda mlimani. Ni kama harufu ya mbege, ukiisikia njiani unajua kuna mtu anapika upande wa upepo lakini huwezi kuingia kwenye geti la mtu ukamwambia ni wewe.

Na jambo ambalo kwa Kilimanjaro ndo gumu kuliko yote ni mawingu. Sentinel-5P inapita saa saba na nusu ya mchana kwa saa za jua, kwa saa zetu za ukutani ni kama saa nane. Sasa jiulize, saa nane mchana ni siku ngapi unauona mlima kutoka Machame? Asubuhi uko wazi, ikifika saa nne saa tano wingu limeshaanza kukaa kwenye msitu, saa nane limefunika. Chombo hakioni chini ya wingu. Kwa hiyo vipimo vinavyobaki ni vya siku chache zilizokuwa wazi, na siku zilizo wazi ndo siku za jua kali na joto ambapo miti inatoa zaidi, ukichukua wastani wake ukasema ndo mwaka mzima umeongeza chumvi. Kuna GOME-2 zinazopita saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za jua, mlima bado uko wazi, lakini pikseli zake ni kilomita 80 kwa 40, inameza Moshi yote na mlima juu.

Kingine, hesabu ya kugeuza mwanga kuwa molekuli inahitaji kujua fomaldehaidi imepangwaje kuanzia chini kwenda juu, na hiyo wanaichukua kwenye modeli ya kompyuta ya hewa ya dunia nzima yenye vigae vya digrii moja, kama kilomita 110 kwa 110. Kwenye kigae hicho mlima wa mita 5,895 na tambarare ya Kahe ni kitu kimoja, mlima umelainishwa. Mahali pa tambarare kama Tabora haina shida kubwa, hapa kwetu ni kosa kubwa na halionekani kwenye ramani.

Naomba utuwekee skrinshoti ya hiyo ramani na utuambie ni ya mwezi gani. Hilo la mwezi ni muhimu.

chalii_wa_sakina:

Kuhusu watoto dada, hapo usiwe na wasiwasi na miti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha fomaldehaidi ndani ya nyumba ni miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo kwa nusu saa, na hewa ya nje yenye fomaldehaidi iliyotokana na miti iko chini sana ya hapo. Ndo ile ile ya mochwari kweli lakini kule ni maji yaliyokolezwa, huku ni chembe kidogo hewani. Fomaldehaidi ya kuogopa ni ya jiko la mafiga lililofungiwa, moshi wa kuni unayo nyingi pamoja na mambo mengine mabaya zaidi, kama kikundi kina hela ya kuchangia basi chimneyi za majiko zingewafaa watoto wenu kuliko hicho cheti.

Na namba ya setilaiti ni ya nguzo nzima ya hewa, haikuambii unavuta nini puani. Hilo nalo mkaulize.

mama_kihamba:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Skrinshoti sijui kuiweka hapa lakini nimemuuliza jirani aliyeipiga picha, juu imeandikwa Septemba. Doa jekundu sana liko chini kabisa, kuelekea kwenye miwa na huko tambarare, huku kwetu juu ni rangi ya chungwa, na kileleni ni bluu.

pikseli_ya_tengeru:

Septemba! Basi nilikuwa nahisi. Septemba ni kiangazi, watu wanachoma nyika na mabua, na miwa nayo huchomwa kabla ya kuvunwa. Moto unatoa fomaldehaidi moja kwa moja na tena hidrokaboni nyingine zinazogeuka fomaldehaidi njiani. Setilaiti haiwezi kukuambia hii imetoka kwenye jani na hii imetoka kwenye moto, molekuli ni ile ile. Mtu anayejua kazi anachukua kwanza data za moto, vyombo vya setilaiti vya MODIS au VIIRS vinaonyesha sehemu zilizowaka, anatupa siku na maeneo yote yaliyoguswa na moshi, anaangalia na monoksidi kaboni ambayo TROPOMI hiyo hiyo inaipima maana nayo ni alama ya moto, halafu anatoa ile fomaldehaidi ya msingi inayotokana na metheni ambayo iko kila mahali hata katikati ya Pasifiki, ndo kinachobaki anaanza kukihusisha na mimea. Eloise Marais na wenzake walifanya hivyo kwa Afrika nzima wakitumia OMI, kazi ilitoka 2012 na 2014, na kuchuja moto ndo sehemu iliyochukua nguvu nyingi maana bara letu linaungua sana. Kijana wenu hajachuja chochote, amefungua ramani akaweka rangi.

Na bluu ya kileleni nayo haisemi kwamba juu hakuna miti inayotoa gesi. Kule juu nguzo ya hewa yenyewe ni fupi, kuna baridi, na juu ya msitu ni vichaka vifupi halafu mawe tu. Rangi ya chungwa ya kwenu inaweza kuwa moshi uliopandishwa na upepo wa mchana.

Matokeo ya kazi ya Marais ni ya kufikirisha. Modeli iliyokuwa inatumika, inaitwa MEGAN, ya kina Alex Guenther, ilikuwa inasema Afrika inatoa isoprini ya tani milioni 104 za kaboni kwa mwaka, walipoirekebisha kwa kutumia setilaiti ikashuka mpaka 77. Yaani kwa bara zima, kwa miaka ya data, wataalamu waliobobea, namba imehama kwa robo nzima. Ndo useme mtu anakupa cheti cha eka moja.

Babu_wa_Olmotonyi:

Binti yangu marahaba. Mimi nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote, nimesoma chuo cha misitu Olmotonyi, nimepanda misindano na mierezi West Kilimanjaro na Rongai, sasa niko nyumbani nalea nyuki. Mambo ya setilaiti huyu kijana wa Tengeru ameyaeleza vizuri, mimi niongelee miti yenyewe maana naona imesingiziwa.

Sio kila mti unatoa kitu kimoja. Msindano unatoa zaidi zile hidrokaboni kubwa zenye kaboni kumi, monoterpini, ndo harufu ile ukiingia shamba la misindano jua likiwa limewaka. Zile zinahifadhiwa kwenye utomvu, zinaendelea kutoka hata usiku na ukikata mti au ukiupogoa zinatoka kwa wingi. Mkaratusi unatoa vyote viwili, isoprini na hizo za harufu, na ni kweli ni katika miti inayotoa sana. Hapo kijana hakudanganya. Lakini kuna miti ya asili inayotoa isoprini kwa nguvu pia, miombo ya Tabora na Katavi kuna jamii kadhaa zake zinatoa mno, hakuna mtu anasema miombo ing'olewe. Na mti huo huo hautoi sawa mwaka mzima, jani changa halitoi isoprini mpaka likomae, mti uliopigwa na ukame wa kawaida unaweza kutoa zaidi kwa sababu jani lina joto, ukame ukizidi sana unashuka.

Mkaratusi una hoja zake na tuziseme zilivyo. Unakunywa maji. Kama umepandwa kando ya kijito au chemchemi uondolewe, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hiyo ndo sababu ya kuuondoa, na inahusu mahali ulipopandwa. Kama mikaratusi ya bibi iko mbali na maji, iko kwenye ardhi yake kavu ya mpakani, aiache ikue auze nguzo. Nitasikitika sana nikisikia ameikata kwa sababu ya doa kwenye laptopu.

Mtu akitaka kujua mti fulani unatoa nini kuna njia, nayo inaanzia kwenye tawi. Unafunika tawi lenye majani kwa mfuko wa plastiki maalumu ile ya tefloni, unapitisha hewa safi kwa kiwango unachokijua, hewa inayotoka unaipitisha kwenye kibomba chenye unga unaonasa hizo gesi, unakipeleka maabara wanakisoma. Wakati huo huo unapima joto la jani na mwanga, maana bila hivyo namba haina maana, kisha majani yale unayakausha unayapima uzito. Ni kazi ya jua la mchana na ya subira, na ukimaliza unajua tawi moja la mti mmoja. Halafu unafanya kwa miti mingine, ya umri tofauti, upande wa jua na wa kivuli. Nchi hii ingefanya hivyo kwa mgrivea, mringaringa, mruka, mkamfa wa msituni, tungekuwa na kitu cha kuipa setilaiti iegemee. Mimi hilo nalitamani kuliona kabla sijafa, nasema kweli.

pikseli_ya_tengeru:

Mzee wangu shikamoo, umenigusa pale pale panaponiuma. Modeli zote hizi zinaanza na ramani ya uoto, zinasema hapa ni msitu wa majani mapana wa tropiki, hapa ni mazao, hapa ni nyasi, halafu kila kundi linapewa kiwango chake cha kutoa. Kihamba cha Mchagga kinaingia wapi? Juu mgrivea na mruka, katikati migomba, chini kahawa, chini yake magimbi na majani ya ng'ombe. Ramani moja inaita mazao, nyingine inaita msitu, na modeli inayapa mazao kiwango kidogo sana na msitu kiwango kikubwa sana, kwa hiyo kabla hata setilaiti haijafunguliwa jibu limeshahama. Kwangu mimi hilo ndo kosa kubwa kwa Kilimanjaro na Meru, kuliko hata kelele za chombo, na hakuna mtu wa Ulaya atakayekuja kutupimia migrivea yetu kama sisi hatujaanza.

Setilaiti zinazidi kuwa nzuri. Kuna chombo cha CrIS kinachotumia mionzi ya joto, hicho sasa kimeweza kuona isoprini yenyewe bila kupitia fomaldehaidi, kazi za kina Dylan Millet na Kelley Wells wa Minnesota, zilitoka 2019 na 2020. Kinafanya vizuri pale isoprini ilipo nyingi sana kama Amazoni. Na kuna setilaiti zinazokaa juu ya sehemu moja muda wote zikipima kila saa ya mchana, Korea wamerusha GEMS Februari 2020, Marekani TEMPO Aprili 2023, Ulaya wamerusha Sentinel-4 Julai 2025. Hizo zingetufaa kweli, tungepata mlima asubuhi kabla ya wingu. Lakini hakuna hata moja inayotazama Tanzania. GEMS ni Asia, TEMPO ni Amerika Kaskazini, Sentinel-4 ni Ulaya na kipande cha Afrika ya kaskazini. Mwanga wa hewa yetu tunaupata mara moja kwa siku, saa nane, wingu likiwa limeshuka.

chalii_wa_sakina:

Naongezea kidogo kwa upande wa mjini maana naona mtu atasoma hapa aseme basi miti haina neno lolote. Isoprini peke yake haileti shida, ikikutana na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye dieseli na bodaboda na jua likiwa kali ndo inatengeneza ozoni ya chini, na hiyo inaumiza mapafu na hata mazao. Atlanta kule Marekani mwaka 1988 walionyesha kwamba hata ukibana hidrokaboni za magari hupati nafuu kubwa kwa sababu miti inatoa zake, cha kubana ni oksidi za nitrojeni. Kwa Arusha jinsi magari yanavyoongezeka hapa Sakina na Ngaramtoni, mimi naona cha kushughulikia ni moshi wa magari, miti tuiache itupe kivuli. Na kihamba cha Machame hakina msongamano wa malori kwa hiyo hiyo ozoni haiwahusu kwa kiasi hicho.

Kuna mtu kwenye uzi mwingine alisema hizi gesi ndo zinaharibu biashara ya kaboni, naona nalo liwekwe sawa, kaboni inayotoka kama isoprini ni kama asilimia moja mpaka mbili ya ile mmea ulioivuta. Mti bado unavuta mno kuliko unachoachia.

mama_kihamba:

Nimewasomea wenzangu watatu wa kamati kwenye simu na mwenyekiti amesema kijana aje Jumapili aulizwe mbele ya watu wote. Naomba mniandikie maswali ya kumuuliza kwa maneno ambayo hatakwepa. Na bibi nimemwambia, amesimamisha mtu wa msumeno, anasema asante sana kwa mzee wa Olmotonyi, mikaratusi yake iko mpakani juu kabisa, hakuna kijito.

Pia binti yangu yuko kidato cha tano anasoma jiografia, amesoma haya yote usiku, anataka kujua kama yeye anaweza kuangalia hizo data mwenyewe.

pikseli_ya_tengeru:

Muulizeni pikseli ya hiyo ramani ni kubwa kiasi gani ardhini, sio kwenye kioo cha laptopu. Muulizeni ameondoaje moto wa Septemba. Muulizeni siku ngapi za mwezi huo zilikuwa na vipimo visivyo na wingu juu ya Machame, aonyeshe hesabu. Na la mwisho aseme ni tawi la mti gani, wa aina gani, lilipimwa hapa Kilimanjaro ili kubadilisha fomaldehaidi kuwa isoprini ya mkaratusi wenu. Akijibu hayo manne kwa ushahidi mimi mwenyewe nitakuja kuongea naye. Hela msitoe siku hiyo hata akijibu vizuri.

Binti anaweza kabisa, na nimefurahi sana kusikia. Afungue akaunti ya bure ya Google Earth Engine, atafute data ya fomaldehaidi ya Sentinel-5P, zinaanzia Desemba 2018. Asichore Machame peke yake, ni ndogo mno. Achore kisanduku kikubwa, kwa mfano kuanzia Siha mpaka Mwanga pamoja na tambarare ya kusini, halafu achore kingine cha kulinganisha upande wa miombo kule Tabora. Achukue wastani wa mwezi kwa kila mwaka, asichukue siku moja moja. Namba zitatoka kwa moli kwa mita ya mraba, zitakuwa ndogo sana, sifuri nyingi baada ya nukta, ni kawaida hiyo, na akikuta baadhi ni hasi asizifute, ni kelele za chombo na ukizifuta wastani unapanda kwa uongo.

Pembeni ya kila mwezi aandike idadi ya moto kutoka FIRMS, tovuti ya NASA ya data za moto, kwa kisanduku hicho hicho, na joto la wastani, data za joto za kila siku nazo zipo bure. Januari na Februari kuna joto na moto ni kidogo, hapo ndo mimea inaongea yenyewe. Septemba na Oktoba moto umechanganyika, na Oktoba 2020 na 2022 mlima wenyewe uliungua kwa hiyo hiyo miezi aiweke kando kabisa. Juni na Julai wingu la baridi limekaa Moshi muda wote, vipimo vitakuwa vichache, ahesabu ni vingapi kabla hajaamini wastani wake.

Babu_wa_Olmotonyi:

Binti wa kidato cha tano akishapata grafu yake aniletee niione. Na mama, mwambie likizo ijayo aje na daftari, nimwonyeshe mgrivea, mruka na mringaringa jinsi ya kukadiria majani ya mti mzima kwa kupima kipenyo cha shina na tawi moja la mfano. Hilo halihitaji setilaiti wala maabara, na bila hilo hata mwenye maabara hawezi kutoka kwenye tawi kwenda kwenye shamba. Miti ya kufanyia kazi ninayo ya kutosha, mingine nimeipanda mwenyewe na umri wake naujua mpaka mwezi.